Muhula wa Mbona

Jumatatu, 4 Machi

Umoja wa wahitimu wa chuo nilichosoma umenipa mwanafunzi wa kumlea kikazi muhula huu. Mwezi uliopita waliniandikia kuuliza kama niko tayari. Nilibonyeza "ndiyo" kwa sababu "hapana" ilikuwa na kisanduku cha kueleza sababu, na mimi sikuwa na sababu. Atakuja kila Jumatano kwenye maabara yetu ya maji mpaka mwisho wa Mei. Mwishoni ataandika ripoti ya alichojifunza, nami nitaisaini. Kusaini naweza.

Jumatano, 6 Machi

Amefika dakika ishirini kabla ya muda, binti wa mwaka wa tatu, kemia. Viatu vyake ni vipya na vinambana. Alikuwa akitoa kisigino nje chini ya meza, akidhani simwoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

Nikamzungusha. Hakuna cha kuzungusha sana: chumba kimoja kirefu, sinki mbili, jokofu la sampuli lenye karatasi iliyoandikwa SI CHAKULA, na dirisha linalotazama mabwawa ya kuchujia. Nilimweleza kwamba maji yanaingia kutoka mtoni yakiwa na tope, tunayachuja, tunayatia klorini, kisha yanapanda kwenye matangi manne ndipo yaende majumbani. Kazi yetu ni kuyafuata njiani. Unachukua maji kidogo ya tangi, unatia kidonge, yakigeuka rangi ya waridi basi klorini ipo na watu wanywe. Yasipogeuka, wasinywe.

Akauliza mbona matangi ni manne. Mbona tunapima kila Jumanne na si kila siku. Mbona dirisha haliwezi kufungwa. Mchukua sampuli wetu alikuwa mlangoni akasikiliza yote.

"Huyu hana haja ya jina," akasema. "Tumwite Mbona."

Binti akacheka, na jina likakaa. Mchukua sampuli mwenyewe tunamwita Mzee Chupa, kwa zile chupa za sampuli zinazogongana mifukoni mwake akitembea. Ana miaka thelathini hapa. Kila mtu anampenda. Mimi pia, nadhani.

Jumanne, 12 Machi

Joto. Mzee Chupa ameleta karatasi ya matangi. Nimesaini.

Jumatano, 13 Machi

Tumeshughulikia wasifu wake wa kuombea kazi. Alikuwa ameandika kwamba ni "mchapakazi mwenye ndoto kubwa anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Nikamwambia hata pampu yetu namba mbili inafanya kazi chini ya shinikizo na hakuna aliyeiajiri. Akacheka mpaka akashika meza. Nilishangaa kwamba nimesema kitu cha kuchekesha. Tukafuta mistari yote hiyo tukaandika alichokifanya kweli: amefundisha hesabu watoto wa jirani kwa miaka miwili, na ametengeneza mizani ya maabara ya chuo iliyokuwa imetupwa.

"Hayo tu, mama?"

"Hayo yanatosha kwa sababu ni ya kweli."

Nilisema hivyo bila kukohoa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefua. Mama, ninayeishi naye, amenitazama nikianika nguo akasema nimekuwa kama kiti: nipo, watu wanakaa karibu, basi. Anasema ilianza mume wangu alipoondoka. Mimi nadhani ilianza kabla, na pengine ndiyo maana aliondoka. Nilimalizia shuka.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Maji ya mtoni yamekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Jumanne, 19 Machi

Karatasi ya matangi. Nimesaini.

Jumatano, 20 Machi

Mazoezi ya usaili. Nilimwomba Mzee Chupa awe mkurugenzi. Alivaa koti la maabara akalifunga vifungo vyote, akakaa nyuma ya meza yangu, mguu wa kushoto kaunyoosha kando kama kawaida yake, akaukunja uso.

"Binti, kwa nini tukuajiri wewe tumwache mpwa wangu?"

"Kwa sababu mpwa wako hakuja na mimi nimekuja, mheshimiwa."

Mzee Chupa akanigeukia. "Andika. Ameajiriwa."

Tulicheka watatu. Yeye alicheka huku anasugua nyonga. Alipotaka kusimama alishika meza kwa mikono miwili, akangoja kidogo, kisha akasimama. Mbona alimtazama. Mimi nilitazama dirishani.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Karatasi ya matangi. Nimesaini.

Jumatano, 27 Machi

Leo Mbona amechelewa. Amekuja na tope mpaka magotini, viatu vile mkononi. Kumbe amepanda peke yake kwenye tangi la juu, lile la kilimani linalopeleka maji mtaa wa juu na zahanati yake. Alitaka kulichora kwa ajili ya ripoti. Njia ya gari haifiki. Kuna ngazi za zege mia mbili na kitu.

Alinawa miguu kwenye sinki ya nje akaingia, akafungua daftari lake.

"Mama, mbona karatasi inasema tangi la juu lilipimwa jana?"

"Lilipimwa."

"Kufuli la mlango wake limeshika kutu. Na nyigu wamejenga kwenye tundu la ufunguo. Kiota kizima, cha udongo. Ufunguo haungeingia."

"Kuna mlango mwingine," nikasema. "Kwa nyuma."

Lilinitoka kirahisi kama salamu. Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa mama," akaandika.

Hakuna mlango mwingine. Naandika hapa kwa kuwa sijui pengine pa kuliandika. Mzee Chupa hajapanda zile ngazi miaka miwili sasa. Niligundua kwa namba zenyewe. Namba za kweli hucheza, zinapanda zinashuka. Za klorini ya tangi la juu zilianza kufanana, nukta tano, nukta tano, nukta nne, nukta tano. Jumanne moja nilimwona amekaa kantini muda ambao angepaswa kuwa kilimani, mguu kaulaza juu ya kiti, macho kayafumba. Nikageuka nikaenda zangu. Amebakiza miaka miwili astaafu. Nilijiambia namsitiri. Pale juu kuna pampu ndogo inayoongezea klorini. Maadamu inafanya kazi, hakuna wa kudhurika. Nikasaini wiki ile, na iliyofuata, na nyingine zote.

Sijisikii vibaya. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Nimejichunguza jioni yote, na sijisikii chochote.

Jumanne, 2 Aprili

Karatasi. Nimesaini.

Jumatano, 3 Aprili

Mbona ameniachia rasimu ya nusu ya kwanza ya ripoti. Ameipiga chapa vizuri, na vichwa vya habari vimekolezwa. Ukurasa wa sita unasema: "Tangi la juu lina mlango wa pili upande wa nyuma, unaotumiwa na mchukua sampuli." Nimeusoma mara mbili. Nikasahihisha alama ya mkato iliyokuwa mahali pasipo pake, nikageuza ukurasa.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua siku nne bila kupumua. Mabwawa yamejaa hadi ukingoni. Mama anaumwa na magoti.

Jumanne, 9 Aprili

Karatasi ya matangi: nukta tano. Mzee Chupa alisimama mbele ya meza yangu nikiwa nasaini, hakuondoka mara moja. Nilidhani anasubiri kalamu yake. Nikampa.

Jumatano, 17 Aprili

Wiki iliyopita Mbona alikuwa na mtihani, hakuja. Leo alikuja, na leo ndiyo siku yenyewe.

Saa tatu na nusu simu ya maabara iliita. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa wa juu. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyechoka kupita kiasi cha kupiga kelele.

"Nauliza tu," alisema. "Nina watoto kumi na mmoja wanaoharisha tangu Jumamosi, wote wa upande huu wa mtaa. Maji yetu yako sawa?"

Karatasi ya jana ilikuwa mbele yangu. Nukta tano. Saini yangu chini.

"Nitakupigia," nikasema. Kisha nikasema, "Wachemshe. Waambie wote wachemshe maji kuanzia sasa."

Niliposhusha simu Mbona alikuwa ameshavaa koti la mvua. Sikumwambia aje, wala sikumwambia abaki. Nilichukua sanduku la vipimo na nyundo ya fundi bomba.

Zile ngazi nilikuwa nimezisahau. Zinateleza, na katikati zimemomonyoka upande mmoja, unapita kwa kushika majani. Nilipumzika mara tatu. Nilifikiria nyonga ya mtu wa miaka hamsini na nane na chupa kumi mifukoni. Nilifikiria tu, kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine.

Kiota cha nyigu kilikuwepo. Mbona alikipangusa kwa kijiti. Nikapiga kufuli mara nne, likaachia. Ndani, pampu ndogo ya klorini ilikuwa kimya. Mrija wake ulikuwa umeziba kwa ukoko mweupe, mgumu kama jino. Sijui ni wiki ngapi, au miezi. Mfuniko wa tangi ulikuwa umepasuka pembeni na maji ya mvua yalikuwa yakiingia yakitokea mlimani, pamoja na kila kinachokaa mlimani.

Mbona alichota. Mimi nikatia kidonge, nikatikisa, nikainua kichupa kwenye mwanga. Maji yalikuwa maangavu, mazuri kabisa kuyatazama. Tulingoja dakika moja. Tukangoja ya pili. Hayakugeuka. Nikatia kidonge kingine, kana kwamba kosa ni la kidonge.

"Sifuri," Mbona akasema.

"Sifuri."

Nilifunga vali ya kuteremshia. Ni nzito, tulisaidiana. Kisha nikampigia muuguzi palepale, mvua ikinipiga usoni, nikamwambia maji hayafai, tumeyafunga, na gari la maji litakuja. Akauliza tangu lini hayafai. Nikamwambia sijui. Hilo lilikuwa kweli.

Tulipokuwa tunateremka Mbona alitangulia. Hakuniuliza mbona hata moja.

Alhamisi, 18 Aprili

Watoto ni kumi na wanne. Mmoja, wa miezi minane, amehamishiwa hospitali kubwa. Meneja ameniita.

Si mtu mbaya. Alinivutia kiti, akafunga mlango.

"Tangi lioshwe, mfuniko ubadilishwe, klorini irudi," alisema. "Hilo tumekubaliana. Sababu ni mvua. Mvua imepasua mfuniko. Nani atabishana na mvua?"

"Na karatasi za kila Jumanne?"

"Karatasi gani? Wewe unazo karatasi zenye namba nzuri na saini yako. Unataka kujichongea?" Akashusha sauti. "Yule binti wako wa chuo, ripoti yake isiguse tangi la juu. Anamaliza lini? Mwambie nafasi ipo hapa. Ni binti mwepesi, tunamhitaji."

Nikasema nitamwambia.

Ijumaa, 19 Aprili

Mtoto wa miezi minane bado yuko hospitali. Nimepiga simu mara mbili.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimepiga tena. Wametundika dripu ya pili.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwambia. Tulikuwa maabara, mlango umefungwa. Nilimweleza maneno ya meneja kama yalivyo, nafasi ya kazi na yote. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Nyumbani mimi ndiye wa kwanza kusoma," alisema. "Nikiwaambia nina kazi kabla hata ya kuhitimu, baba atazunguka mtaa mzima." "Mama, wewe ungefanya nini?"

Hapo ndipo mlezi anapotakiwa kusema kitu. Nilitafuta. Nilichokipata ni hiki:

"Ningenyamaza. Nimenyamaza miaka miwili. Nilijua hapandi."

"Najua."

"Na mlango wa nyuma haupo."

"Najua, mama. Nililizunguka tangi siku ileile, kabla sijaja kukuuliza. Ni ukuta mtupu." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Niliandika ule mstari kwenye rasimu ili nione kama utaukata. Ulisahihisha mkato."

Akakusanya vitu vyake taratibu, akaniaga, akasema ana basi la kuwahi. Mlangoni akageuka.

"Niliomba nipewe wewe," alisema. "Kwenye fomu tulichagua. Mwalimu wangu alisema hakuna mtu makini kwa namba kama wewe."

Alhamisi, 25 Aprili

Sikwenda kazini. Niliwaambia naumwa. Mama aliniletea uji akaketi kitandani.

"Unaumwa nini?"

"Sijui, mama."

"Wapi?"

Nikashindwa kuonyesha mahali.

Ijumaa, 26 Aprili

Mtoto ametolewa hospitali. Mama yake amembeba mwenyewe kumrudisha nyumbani, muuguzi kaniambia. Nilisema ahsante nikashusha simu, nikakuta nimesimama, na sikumbuki niliposimama.

Kisha nikakaa nikaandika maelezo, kurasa tatu, kwa bodi ya maji, nakala kwa meneja. Niliandika kwamba tangi la juu halikupimwa kwa takribani miaka miwili. Kwamba nilijua. Kwamba kila karatasi ina saini yangu na hakuna aliyenilazimisha. Nilieleza kwamba njia ya kupandia haifai kwa mtu mwenye maradhi ya nyonga na kwamba mimi, msimamizi wake, sikuomba mtu mwingine apande. Niliambatisha namba. Nilisoma mara moja, nikapeleka kabla ya chakula cha mchana.

Nilipotoka nilipita kantini. Mzee Chupa alikuwa peke yake. Nilimwambia nilichokiandika. Alisikiliza, akaendelea kukoroga chai yake, ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

"Umeshapeleka?"

"Nimeshapeleka."

"Basi," akasema.

Jumatatu, 29 Aprili

Meneja hajibu salamu.

Jumatano, 8 Mei

Mbona alikuja. Sikumtarajia. Aliweka ripoti mezani, kurasa arobaini na moja. Ukurasa wa sita wa zamani haupo. Mahali pake pana kichwa cha habari kinachosema "Tangi la juu", na chini yake kila kitu: kufuli, kiota, sifuri. Nilisoma yote tukiwa tumekaa, yeye akitazama nje. Ilichukua saa nzima. Sikukuta mkato wa kusahihisha.

"Hapa hutapata kazi," nikamwambia.

"Najua."

Nikasaini. Safari hii nilikuwa nimeona ninachosaini.

Jumanne, 14 Mei

Kikao cha bodi. Watu watano na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Waliniuliza kwa nini. Nikasema sina sababu. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, akasema lazima ipo. Nikafikiri kwa uaminifu kabisa, nikamjibu kwamba ilikuwa rahisi zaidi kutoinua kichwa. Akaandika.

Baada yangu aliingia Mzee Chupa. Nilimsubiri kwenye benchi la ukumbini. Alipotoka alikaa mwisho wa benchi, akaunyoosha mguu.

"Miaka miwili nilikuwa nakuja na ile karatasi," alisema, akitazama ukuta wa mbele. "Kila Jumanne. Nasimama pale mezani kwako. Nasema, leo ataniuliza. Akiniuliza tu mguu vipi, nitamwambia yote, nipumzike." Akapitisha mkono usoni. "Wewe unasaini. Hata macho huinui. Nikadhani labda unajua na unanidharau. Au hujui na hujali. Nikashindwa kujua lipi."

"Nilidhani nakusitiri."

"Ungeniuliza mara moja, dada."

Hajawahi kuniita dada. Miaka yote ni "bosi". Alisimama kwa kushika benchi, na kabla sijanyoosha mkono alikuwa ameshaanza kutembea.

Jumatano, 22 Mei

Barua zimetoka. Mimi: nimeshushwa cheo, miezi mitatu bila kazi, kisha nirudi chini ya msimamizi mwingine. Yeye: amestaafishwa mapema, mafao yake hayajaguswa. Meneja: onyo. Mvua zimekatika.

Ijumaa, 31 Mei

Mbona amepata kazi, maabara ya kiwanda cha sabuni. Alipiga simu kunieleza. Kwenye usaili walimwuliza kuhusu ripoti yake wakaijadili nusu saa nzima.

"Ni mbali na nyumbani," alisema, "ila angalau sabuni hainywewi."

Nilicheka. Mama alikuja mlangoni kuangalia ni nani.

Nilimwomba radhi, kwa mlango wa nyuma. Akasema, "Nimesikia, mama." Hakusema yameisha. Ni binti makini.

Jumanne, 4 Juni

Leo nilikwenda kwa Mzee Chupa kwa miguu. Niliulizia mara mbili njiani, kwa kuwa miaka yote hiyo sikuwahi kujua anakaa wapi. Alikuwa barazani na mkewe, wanachambua mchele. Mkewe alinitazama, akachukua sinia lake, akaingia ndani. Yeye hakusimama. Akanisogezea kigoda.

Nilikaa. Sikuwa nimeandaa maneno.

"Mguu vipi?" nikamuuliza.

Alinitazama muda mrefu, kama anayepima kitu. Kisha akaanza kunieleza: siku alipoanguka na mahali, alichosema daktari wa kwanza, alichosema wa pili, jinsi anavyolala, upande gani. Jinsi alivyokuwa akizihesabu zile ngazi alipokuwa bado anapanda, na ngazi aliyoishia siku aliyogeuka kurudi. Ilichukua mchana wote. Sikumkatiza, wala sikutazama pembeni.

Nilipoaga alisema kliniki yake ni Alhamisi, saa mbili. Nimesema nitampeleka.